Tupeane uzoefu: kurekodi mwendo wa mawingu na vivuli milimani

Ndugu zangu wapenzi wa picha, huu ni msimu wa tatu ninarekodi Kibo, kilele kirefu kuliko vyote cha Kilimanjaro, nikiwa kihambani kwetu (shamba la ukoo) Kibosho kwa njia ya taimulapsi, yaani kupiga picha moja moja kwa vipindi vilivyo sawa na kuziunganisha ziwe video. Kilichonisumbua muda wote huo ni kwamba wingu na kivuli haviendi mwendo mmoja. Wingu linalopanda mteremko hubadili umbo ndani ya sekunde chache, ilhali kivuli kilicholala kwenye korongo hulifuata jua, ambalo husogea angani nyuzi 15 tu kwa saa. Msimu wa kwanza nilipiga picha moja kila baada ya sekunde 30; makorongo yalionekana yakijaa mwanga taratibu, jambo lililonifurahisha sana, lakini mawingu yaliruka kutoka sehemu moja hadi nyingine bila kupita katikati. Msimu wa pili nilitumia sekunde 3, mawingu yakatiririka kama maziwa yanayochemka, na vivuli vikasimama tuli.

Ratiba ya mlima wenyewe nimeizoea. Alfajiri Kibo huwa wazi mara nyingi. Jua likishapasha miteremko joto, hewa yenye unyevu hupanda kutoka msituni, hupoa kadiri inavyopanda, na mvuke wake hugeuka wingu, hivi kwamba ifikapo saa 5 asubuhi kilele huwa kimeshafunikwa siku nyingi. Kwa hiyo hurekodi kati ya saa 1 na saa 3. Saa hizo mbili, kwa picha moja kila sekunde 5, hutoa picha 1,440, ambazo kwa fremu 24 kila sekunde ni video ya dakika moja kamili. Naomba wenye uzoefu mniambie: ninyi mnaufuata mwendo wa nani, wingu au kivuli?

Mchangiaji wa Lushoto:
Ndugu yangu, nadhani swali lako limeunganisha vivuli viwili visivyofanana. Kipo kivuli cha mlima, kinachokwenda na jua, na kipo kivuli cha wingu, kinachokwenda na upepo. Mimi hurekodi kutoka ukingo wa Irente, ambapo Milima ya Usambara inakatika ghafla na tambarare yenye mashamba ya mkonge inaonekana mbali chini. Ukingo huo unatazama magharibi, kwa hiyo asubuhi kivuli cha mlima hutanda juu ya tambarare, kisha hurudi polepole kuelekea miguuni mwako kama mkeka unaokunjwa. Kwa kazi hiyo sekunde 20 zinatosha, tena uchague siku isiyo na mawingu. Mchana, vivuli vya mawingu vinapokimbia juu ya mkonge, hutumia sekunde 4, na hapo wingu na kivuli chake hukubaliana bila shida yoyote.

Mchangiaji wa Arusha:
Nilipanda Meru, mita 4,566, kwa ajili ya jambo moja tu: kurekodi kivuli cha mlima kikielekea magharibi jua linapochomoza. Huonekana kama pembetatu iliyonyooka, hata kama kilele chenyewe hakina umbo hilo, kwa sababu kingo za kivuli kirefu hukutana machoni petu kwa mbali, kama reli zinavyoonekana kukutana. Nilikipata, na bado naumia nikikumbuka nilivyokiharibu. Niliiacha kamera ijichagulie mwanga yenyewe, nayo ikawa inaongeza na kupunguza kila kiwingu kilipopita, hivyo video nzima inapepesa. Tangu siku hiyo hufunga kila kitu kwa mkono: shata (muda wa kuingiza mwanga), tundu la lenzi, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) na rangi ya mwanga. Betri za akiba hulala nazo ndani ya koti, kwani baridi huzimaliza upesi.

Mchangiaji wa Tukuyu:
La kwangu ni fupi. Upepo wa Rungwe uliisogeza stendi kidogo tu, nami sikuligundua hadi nilipounganisha picha. Sasa huning'iniza mfuko wa mawe katikati ya stendi, ukigusa ardhi ili usibembee.

Mwanzisha mada:
Nawashukuru sana, na hasa ndugu wa Lushoto, kwa kuwa sikuwahi kuvitenganisha vivuli hivyo viwili. Jumamosi, Mungu akipenda, nitaweka kamera mbili kihambani, moja ya sekunde 3 ikitazama ukanda wa msitu mawingu yanakozaliwa, na nyingine ya sekunde 20 ikitazama makorongo ya juu peke yake. Kama yupo anayerekodi Mawenzi, kilele kingine cha Kilimanjaro, kutokea Rombo, upande ambao jua la asubuhi huupiga mwamba uso kwa uso, tafadhali aeleze huanza saa ngapi na hutumia sekunde ngapi.