Naombeni ushauri: nina safari moja tu ya kuona magari ya kale, nimpeleke mzee wapi?

Taa_Njano
Wakuu, habari za muda huu. Mimi ni msomaji wa kimya humu, leo nimekwama ndiyo maana nimejitokeza.

Nina akiba ya safari moja. Si mbili, moja. Nataka kwenda na mzee wangu kuona magari ya kale, na hasa yale ya mbio, yakiwa yanakimbia na siyo kupangwa kwenye zulia. Ameyapenda maisha yake yote. Nimechuja nimebaki na matatu: Goodwood Revival ya Uingereza, Le Mans Classic ya Ufaransa, na zile mbio za kihistoria za Monaco. Aliyefika kwa miguu yake, siyo aliyeangalia video, aniambie lipi linastahili. Wiki ya pili hii sijalala vizuri.

Spana13
Hilo halihitaji hata uzi. Le Mans Classic.

Magari yamegawanywa makundi sita kwa zama zake, na kila kundi linaingia barabarani mchana na usiku mpaka saa 24 ziishe. Mzunguko ni ule ule mkubwa wa kilomita 13 na ushee. Mimi mwaka niliokwenda nilikesha. Saa nane usiku unaona taa mbili za njano kwa mbali, hujui ni gari gani, unaanza kubishana na jirani usiyemjua kwa lugha msiyoelewana. Likipita wote mnakuwa mmekosea. Tangu siku hiyo nimeacha kuangalia mbio za kisasa, na mke wangu anasema nimeacha pia kumsikiliza, lakini huo ni uzi mwingine.

DadaKlachi
Kelele za nini na mtu mzima? Mpeleke Pebble Beach, California, Agosti. Wanashindanisha magari tangu 1950, siku hizi yanapangwa kwenye uwanja wa gofu, shimo la 18, bahari hiyo hapo. Waamuzi wanapita wanainama mpaka kwenye uvungu wa gari.

Spana13
Dada, mtu kasema hataki ya kwenye zulia.

DadaKlachi
Ni nyasi, siyo zulia.

FundiMstaafu
Kijana, kabla hatujagombana juu ya viwanja: mzee ana umri gani, na miguu yake ikoje?

Taa_Njano
Mzee yuko vizuri mkuu, asante kwa kujali. Tubaki kwenye swali. Monaco vipi?

FundiMstaafu
Monaco ilianza 1997, huwa kila baada ya miaka miwili, kabla ya Formula 1. Ni mji wa ngazi na miinuko. Ndiyo maana nikauliza miguu, na sijajibiwa.

Goodwood nako ni mwendo. Mzunguko ni kilomita 3.8, na raha yake ni kuhama: uone kona ya Madgwick, ushuke mpaka ya Lavant, urudi ya Woodcote. Anayesimama sehemu moja siku nzima ameona robo. Narudia: miguu.

Pistoni_Bubu
Fundi akiuliza mara ya tatu jua anajua jibu 😂

Taa_Njano
Sawa. Amezaliwa 1953. Goti moja limeshabadilishwa, la pili linasubiri. Anatembea na fimbo, akisimama zaidi ya robo saa anatafuta pa kukaa. Lakini ana moyo kuliko mimi.

Na kwa kuwa tumefika hapo niseme tu: tiketi za Revival nimeshakata. Siku zote tatu, Ijumaa mpaka Jumapili, za kawaida, siyo za viti. Mwenyewe hajui, nataka ashtukie tu. Mke wangu ameshatushonea na suti, maana pale watu huvaa mavazi ya miaka ya 40 mpaka 60.

Spana13
Kumbe hukuja kuomba ushauri. Umekuja kuomba baraka. Na suti ya mtu asiyejua chochote imeshonwaje, kwa kukadiria?

Taa_Njano
Mkuu, sikukurupuka. Goodwood ina sababu. Mzee ni mtu wa Stirling Moss, yule dereva wa mbio Mwingereza, tangu utotoni. Hadithi yake kubwa ni Mille Miglia ya 1955, zile mbio za barabarani za Italia, na ile Mercedes ya Moss namba 722. Alikuwa amekaa chini ya meza, baba yake kanyamazisha nyumba nzima, redio inataja muda wa mshindi: saa 10, dakika 7, sekunde 48. Ameisimulia mara nyingi mpaka wajukuu wanamalizia sekunde. Na Goodwood ndipo Moss alipopata ajali ya 1962 iliyomaliza safari yake ya mbio. Sasa nimpeleke wapi kwingine?

FundiMstaafu
Hapo umejijibu vibaya. Kama moyo wa mzee uko kwenye 722, mpeleke Brescia, Italia, Mille Miglia inakoanzia.

Mbio zenyewe zilikufa 1957, baada ya gari la dereva de Portago kuua watu, yeye na mwenzake ndani na watazamaji tisa barabarani. Lakini tangu 1977 zimerudi kwa sura nyingine: hawakimbizani, wanapimwa kutunza muda. Brescia, Roma, kurudi Brescia. Na haliingii gari la aina ambayo haikushiriki enzi zile, 1927 mpaka 1957. Raha yake kwa mtu wa goti ni kwamba yeye anakaa, magari ndiyo yanayomfuata. Unaweka kiti pembeni ya barabara, yanapita mbele yako moja moja. Namba 722, kama mzee hajawahi kukueleza, ni saa ya kuondoka: saa moja na dakika 22 asubuhi.

Ukitaka rahisi zaidi, London kwenda Brighton, Jumapili ya kwanza ya Novemba. Magari yaliyotengenezwa kabla ya 1905 tu. Yanaondoka Hyde Park jua linapochomoza, na barabarani hudaiwi tiketi. Utaona watu wazima wanashuka kusukuma kwenye mlima.

Taa_Njano
Lakini Revival magari yanashindana kweli, wenyewe hawayaonei huruma. Brescia ni kama maandamano.

FundiMstaafu
Sikatai, na mimi nimekwenda Revival. Kinachobaki siyo ulichokiona, ni harufu. Baadhi ya injini zile bado wanazitilia mafuta ya nyonyo, yakiungua yanatoa utamu fulani unaokaa kwenye koti wiki nzima. Nilisimama karibu na gari moja la kabla ya vita, limeegeshwa, halifanyi lolote. Chini ya injini wameweka trei ya bati. Tone. Tone. Fundi wake kakunja mikono anasikiliza tone kama mganga. Nikasema huyu ni mwenzangu.

Lakini mimi nilikuwa na magoti mawili.

Hesabu_Kali
Samahani wakuu, naona mnamwaga machozi. Nimesoma uzi huu mara mbili. Moss alishinda tarehe 1 Mei 1955. Mzee kazaliwa 1953. Kwa hiyo aliyekaa chini ya meza akakariri dakika na sekunde alikuwa na miaka miwili, tena nimempendelea.

Hii ni chai. Ina tangawizi na kila kitu.

Pistoni_Bubu
Nimevuta kigoda 😂😂

Spana13
Daah. Na mimi nimetoa siri za ndoa yangu humu bure.

Mama_wa_Gia
Siku hizi watu wanatumia wazazi wao kutafuta kusomwa mtandaoni. Mzazi si kitu cha kuchezea. Kama yupo, mheshimu. Kama hayupo, Mungu anakuona.

DadaKlachi
Na suti za kushtukiza! Nani anamshonea mtu suti bila kumpima? Nilijua tu.

FundiMstaafu
Msimrukie. Anayetunga angetunga umri unaolingana. Mwacheni ajibu.

Hesabu_Kali
Fundi, katoka mtandaoni tangu jana saa nne usiku. Chai imepoa.

Taa_Njano
Nipo. Sikukimbia, nilikuwa natazama hiyo hesabu.

Hesabu_Kali yuko sahihi. Sikuwahi kuifanya. Hadithi hii naisikia tangu sijui kusoma, na kila mtu nyumbani anaijua, na mwaka aliozaliwa naujaza kwenye fomu za hospitali kila mara. Havijawahi kukutana kichwani mwangu mpaka mlipovikutanisha ninyi. Sijui niseme nini. Sijatunga mimi.

Hesabu_Kali
Kwa hiyo aliyepika chai ni mzee.

Mama_wa_Gia
Usimwite mzee wa mwenzio hivyo.

Spana13
Muulize. Mpigie sasa hivi. Hatulali.

Taa_Njano
Nimempigia. Nikamuuliza, baba, ile siku ya redio ulikuwa na miaka mingapi? Kimya. Nasikia anahema tu. Halafu: "Nani anauliza?" Nikasema kuna watu. Akasema, "Waambie hao watu chini ya meza alikuwa kaka yangu. Mimi nilikuwa bado nanyonya. Alinisimulia mpaka nikaishika, kisha akafa, na nyie hamkumjua. Ningeanza kuwaeleza ni nani kila mara?"

Nina miaka 41. Sikujua kama baba alikuwa na kaka aliyependa magari.

Tukanyamaza tena. Nikafikiri simu imekatika. Ndipo akauliza, "Huko Goodwood kuna pa kukaa?"

Sikuwa nimemtajia Goodwood. Kumuuliza mke wangu, anasema sasa suti angeshonaje bila kumpima kiuno, na alipopimwa akauliza ni ya nini, naye hajui kumdanganya mkwewe.

Hesabu_Kali
Naondoa neno chai. Pole, mkuu.

FundiMstaafu
Viti vya jukwaani vina tiketi yake pembeni. Katia siku moja angalau, usingoje. Siku nyingine beba kigoda cha kukunja. Na usimzungushe Lavant, muweke Woodcote, pale wanafunga breki kwa nguvu na anasikia gia zote zikishuka.

Taa_Njano
Nimekata, Jumamosi. Vitatu. Mke wangu naye anakuja, suti zilikuwa tatu tangu mwanzo.

Pistoni_Bubu
Kwa hiyo aliyekuwa hajui ni wewe 😂

DadaKlachi
Sawa, lakini nyasi za Pebble Beach ni laini kwa mtu mwenye goti.