Masta: kubuni dawa kwa kompyuta ama usanisi? Niko Lamu naomba ushauri

Binti_Langoni
Asalaam aleikum wanajamvi. Nimemaliza digrii ya kemia, nimerudi Amu nafundisha sekondari kwa muda huku natafuta masta. Mhadhiri mmoja aniambia nichukue kubuni dawa kwa kompyuta maana laptopu tu yatosha, mwengine asema hiyo si kemia, niingie maabara nishike usanisi, yaani kutengeneza molekuli zenyewe. Laptopu yangu ina ramu ya GB 8, haina kadi ya picha, na stima za huku mwazijua. Nishafanya dokingi (kukadiria kwa kompyuta molekuli inavyokaa na kushika kwenye protini) ya viambato vya muarobaini kwa programu ya AutoDock Vina kwenye DHFR, kimeng'enya cha vimelea vya malaria, kimoja kikanipa alama ya kcal/mol -9.3 (hasi zaidi ndiyo hushika zaidi), nikafurahi mno. Hiyo yaweza kuwa tasnifu? Na vyote viwili vyasomeka pamoja, ama ndio mshika mbili moja humponyoka?

Kolamu_na_Silika
Waaleikum salaam dada, hongera kwa kuanza. Lakini hiyo -9.3 usiisimamie bado. Kosa la makadirio la Vina ni kama kcal/mol 2 hadi 3, na tofauti ya 1.4 tu ni mara kumi kwenye nguvu ya kushikana, kwa hiyo kusema -9.3 imeshinda -8.7 hakuna maana yoyote. Na molekuli kubwa kubwa kama limonoidi za muarobaini hupata alama nzuri kwa ukubwa wao tu, kila atomu inaongeza kidogo. Jambo la kwanza, chukua muundo wa DHFR uliopimwa wenye dawa yake ndani, kwa mfano ule wa namba 1J3I kwenye hifadhi ya PDB, uitoe dawa hiyo, WR99210, halafu uirudishe kwa dokingi, ikikaa pale pale ilipokuwa, chini ya angstromu 2, hapo angalau waweza kuiamini boksi yako, yaani eneo la protini ulilochagua Vina itafute. Halafu weka na pirimethamini, dawa ya zamani ya malaria inayozuia DHFR, ulinganishe.
Kuhusu tasnifu: dokingi peke yake hapana, namba bila kitu kilichopimwa haimtibu mtu.

Mwl_Malindi
Binti yangu, hapo kwenye DHFR umegusa jambo kubwa. Hapa Kilifi wajawazito bado wanapewa SP (salfadoksini na pirimethamini) kliniki kuzuia malaria, na pirimethamini ndiyo ile P. Vimelea viliizoea kwa kubadilisha amino asidi chache tu za DHFR, ya namba 108 ikitoka serini ikawa asparajini, inagongana na ile pete ya pirimethamini yenye klorini, na pirimethamini ni ngumu haikunjiki, basi haiingii vizuri tena. WR99210 ina mkono unaopinda, ikapita. Watafiti wa Thailand waliona hayo kwenye muundo wa 2003, wakabuni P218, molekuli mpya ya kuzuia DHFR, wakaitengeneza, wakaipima. Angalia mpangilio wenyewe: aliyetazama skrini na aliyeshika chupa walikuwa timu moja. Hicho ndicho nataka usome, mtu wa kompyuta asiyejua usanisi atakupa molekuli tamu isiyotengenezeka.

Abdul_wa_Mkomani
Naongezea, chagua msimamizi kabla ya chuo. Muulize wazi: molekuli zikitoka kwenye kompyuta nani atazitengeneza na nani atazipima juu ya vimelea? Akibabaika, achana naye. Cape Town kuna H3D, kituo cha kubuni dawa, alianzisha mkemia Kelly Chibale 2010, kule kemia na upimaji viko pamoja, ndiko ilikotoka MMV390048, molekuli ya majaribio ya malaria. Laptopu isikutie hofu, Vina inakwenda bila kadi ya picha, ni uigaji wa mwendo wa molekuli kwa programu ya GROMACS ndio utakaokushinda, huo tumia Google Colab ama seva ya chuo.

Binti_Langoni
Shukran sana nyote. Mwalimu, kama nataka kujaribu usanisi wa kitu kidogo kwanza, nianze na nini?

Kolamu_na_Silika
Niruhusu nijibu mimi dada. Anza na pirimethamini yenyewe kwenye makaratasi: 4-klorofenilasetonitrili na ethili propionati, kisha kumethilisha, kisha guanidini. Chora kila mshale, uelewe kwa nini besi, kwa nini mchanganyiko wa kwanza haupendi maji (na hewa yetu ya Pwani imejaa unyevu, kiyeyusho kisichokaushwa kitakuharibia kazi). Ukipata maabara, jifunze TLC (kromatografia ya safu nyembamba, ya kufuatilia mmenyuko) mpaka uisome bila kufikiri: doa la ulichoanzia upande mmoja, doa la mchanganyiko upande wa pili, katikati vyote viwili pamoja, uyatazame kwa taa ya urujuanimno ya nanomita 254. Doa la ulichoanzia likipotea kwenye mchanganyiko ndio unasimamisha. Usifanye nyumbani, vitu hivyo ni sumu. Nitumie inboksi nikupe faili langu la kuandaa 1J3I.