Skimu ya pensheni na Bitcoin: sarafu zenyewe au ETF ya Marekani?

Mdhamini_Pwani
Wakuu, skimu yetu hapa Kenya ina shilingi bilioni 2. Meneja wa fedha anataka tuweke 1% kwenye Bitcoin kupitia ETF (mfuko unaoshika sarafu, hisa zake zikiuzwa kwenye soko la hisa). Mdhamini mwenzangu anahoji: ya nini kulipa ada wakati sarafu zenyewe zinanunulika, na sheria ya watoa huduma za mali mtandao (sarafu za kidijitali) ilishatiwa saini Oktoba 2025? Nani yuko sahihi?

Karani_wa_Hati
Meneja. Sheria ile inawapa leseni wanaouza na kutunza, chini ya Benki Kuu na CMA (mamlaka ya masoko ya mitaji). Jedwali la RBA (mamlaka ya pensheni) la vikomo vya uwekezaji haikuligusa. Mkinunua sarafu, mkaguzi ataanza na funguo (namba za siri za kuhamisha sarafu): ziko kwa nani? ETF inakaa kwa benki mtunzaji wenu kama hisa nyingine yoyote ya nje. Ila chagueni: IBIT ya BlackRock inatoza 0.25%, yaani Sh50,000 kwa mwaka kwa milioni 20 zenu. GBTC ya Grayscale ni 1.5%, Sh300,000, kwa mali ileile!

Bei_Hailali
Mkuu, usiridhike na ada tu. Soko la New York likifungwa Ijumaa huku ni saa tano usiku (saa sita majira yao ya baridi), linafunguliwa Jumatatu saa kumi na nusu jioni (baridi, saa kumi na moja na nusu). Saa 65 na nusu Bitcoin inapanda na kushuka, nanyi hamuuzi. Agizo la "uza ikishuka 20%" halikingi kitu wikendi. Jumatatu linauza kwa bei litakayoikuta.

Karani_wa_Hati
Kweli. Na kuhusu GBTC, kabla haijageuzwa ETF Januari 2024, mwenye hisa hakuweza kuzirudisha apewe thamani ya mali, ndiyo maana Desemba 2022 ziliuzwa karibu nusu ya thamani ya Bitcoin zilizomo. Kwenye ETF, madalali wakubwa huunda na kuvunja hisa kwa thamani ya mali iliyomo, pengo likazibwa. Hatari iliyobaki ni utunzaji: ETF nyingi za Bitcoin zimeweka sarafu kwa kampuni ya Coinbase, na bima za Marekani za FDIC (amana za benki) na SIPC (akaunti za madalali) hazizigusi. Hilo liandikeni kwenye sera ya uwekezaji kabla ya kununua.

Mdhamini_Pwani
Asanteni. Mali ya nje sasa ni 13.8%, kikomo 15%. Tukiongeza 1% tunafika 14.8%. Si tuko salama?

Bei_Hailali
Piga hesabu dola ikipanda 10%. Milioni 296 zinakuwa 325.6, skimu nzima milioni 2,029.6: 16.04%, mmevuka. Msiponunua, 276 zinakuwa 303.6 kati ya 2,027.6: 14.97%. Uzeni kwanza milioni 20 za hisa nyingine za nje, ndipo mnunue. Na RBA wawape kwa maandishi kwamba ETF hii inahesabiwa mali ya nje, si "mali nyinginezo" zenye kikomo cha 10%.