Binti yangu anajipunguza kiuno kwenye picha

Mama Neema:
Habari zenu. Binti yangu ana miaka 15. Hamtumii mtu picha yake mpaka aipitishe kwenye programu ya simu inayopunguza kiuno na kuchonga kidevu. Juzi nilimpiga picha akicheka, kapendeza kweli. Akaikuza kwa vidole hadi tumboni, akasema, "Mama, ifute." Nikimwambia ni mzuri, ananijibu lazima niseme hivyo kwa kuwa ni mama yake. Nimsaidieje?

Zuhura:
Pole dada. Mwonyeshe kwamba hata hao anaowaiga hawako vile. Ufaransa, tangu Oktoba 2017, tangazo lenye picha ya mwanamitindo aliyepunguzwa au kuongezwa umbo kwa kompyuta lazima liandikwe kuwa picha imerekebishwa.

Fundi Rehema:
Ni kweli, ila maandishi peke yake hayatoshi. Mabinti wanajua picha zimechezewa na bado wanaumia.

Mimi ni fundi cherehani. Nikimzungushia mteja futi kiunoni, karibu kila mwanamke anavuta tumbo ndani na kubana pumzi, tena ananiomba samahani kabla sijasoma namba. Nguo ikimbana analaumu mwili. Na lile gauni la kwenye tangazo, mara nyingi limebanwa vibanio mgongoni ndiyo maana likakaa vile. Mbele huvioni.

Kule Fiji mwili wenye nyama ndio uliosifiwa. Televisheni ikaingia mkoa wa Nadroga mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker alilinganisha wasichana wa shule wa mwaka huo na wa 1998: waliojitapisha ili wapungue walitoka sifuri hadi asilimia 11.3. Miaka 3 tu, jamani!

Kwa hiyo usishindane na picha kwa kumsifu uzuri. Kaeni pamoja mziondoe kwenye simu zile kurasa zinazomwacha mnyonge. Nguo zake zishonwe kwa mwili alio nao leo, siyo wa "nitapungua". Akianza kuruka milo au kukimbilia chooni kila akimaliza kula, mpeleke kwa daktari mapema.

Mama Neema:
Asante sana fundi. Kula anakula vizuri. Ila kaka zake humwita "bonge", wanasema ni utani.

Fundi Rehema:
Wakataze leo hii, dada. Nina wateja watu wazima, wana wajukuu, na bado nikiwapima wananitajia majina waliyoitwa wakiwa na umri wake huo.