Tupeane uzoefu: mlango usiokaa sawa na kizingiti kilichooza kwenye gari la zamani

Mwanzisha mada, Uyole

Ndugu wanachama, salaam. Nimefungua mada hii ili kila aliyewahi kufufua gari la zamani atusimulie jambo moja tu: namna alivyohangaika na mlango uliokataa kukaa kwenye nafasi yake, hasa ule unaogombana na kizingiti. Kwa kizingiti ninamaanisha lile boksi la bati linalopita chini ya milango, kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Naomba tueleze yaliyopita mikononi mwetu wenyewe, na tuache yale ya kusikia kwa fundi wa rafiki. Ninaanza mimi, kwa kuwa kosa langu bado bichi.

Gari ni Volkswagen Beetle ya mwaka 1969, mali ya baba mdogo, iliyolala miaka mingi Tukuyu chini ya mparachichi. Anayeijua mvua ya Tukuyu hahitaji kuelezwa nilichokikuta. Kwenye Beetle kizingiti kina kazi mbili: kinashikilia bodi juu ya sakafu kwa safu ya bolti, na ndani yake hupita hewa ya moto inayotoka kwenye injini kule nyuma ili ipashe miguu ya abiria na kioo cha mbele. Kwa hiyo huoza kuanzia ndani, na kwa nje unaweza kuona rangi nzuri kabisa. Nilipogonga kwa mpini wa bisibisi, upande wa kushoto ulitoa sauti ya karatasi.

Nilikikata kizingiti hicho chote siku moja, gari likiwa limesimama kwenye magurudumu yake, bila kufunga chuma chochote cha kushikilia tundu la mlango. Kesho yake nilipourudisha mlango, kona yake ya juu ya nyuma iligusa nguzo ya bodi inayosimama pembeni mwa tundu la mlango, ilhali chini palibaki mwanya unaopitisha kidole. Nilidhani bawaba zimechoka. Nikazilegeza, nikausogeza mlango, nikazikaza. Kona ikaacha kugusa, lakini ule mstari uliobonyezwa ubavuni ukawa juu kuliko mstari wa bodi. Nilizunguka hivyo kwa siku tatu kabla sijachukua futi ya mkanda na kupima tundu lenyewe kutoka kona hadi kona. Ulalo mmoja ulikuwa umefupika kwa milimita 11 ukilinganisha na upande wa kulia. Mlango haukuwa na kosa. Bodi, baada ya kunyang'anywa kizingiti, ilikuwa imenyong'onyea katikati, na nguzo mbili zilikuwa zimeinamiana kwa juu.

Nimeirudisha vipi, nitaeleza baadaye. Karibuni.

Fundi bodi, Mwanjelwa

Mkuu, pole, ingawa umejifunza kwa bei nafuu. Nina zaidi ya miaka ishirini katika kazi hii, na gari lililonifundisha adabu lilikuwa Peugeot 404. Vijana wa leo hawaijui, lakini gari hilo lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968, na wazee wengi wa nyanda hizi za juu kusini walilinunua kwa sababu hiyo. Halina chasisi ya kujitegemea. Bodi ndiyo chasisi, na kizingiti ni sehemu ya uti wake wa mgongo.

Nilikuwa bado msaidizi. Mteja alileta 404 yenye vizingiti viwili vibovu, na mimi nikaachiwa upande wa kulia. Ili nipate nafasi ya kulala chini nikaliinua gari kwa jeki kubwa iliyokaa katikati, chini ya sakafu, magurudumu yote manne yakiwa yananing'inia. Nikashona, yaani nikachomelea, kizingiti kipya kwa uangalifu wote niliokuwa nao, milango nikiwa nimeing'oa na kuiweka pembeni ili isiungue. Mshono ulikuwa mzuri hata mwalimu wangu akausifu. Tuliposhusha gari na kurudisha milango, mlango wa mbele haukufunga kabisa. Nilikuwa nimeligandisha gari likiwa limejikunja, pua na mkia vikiwa vimelegea kwenda chini, na kizingiti changu kizuri kikawa ndicho kilichoufunga mkunjo huo usirudi. Tulikata upya kazi yote. Mwalimu hakunigombeza, alinipa tindo, akaenda kunywa chai.

Tangu siku hiyo nina utaratibu ambao siuvunji hata mteja akinikaripia kwa kuchelewa. Kwanza ninanyanyua mlango kwa kuushika mwisho wake wa nyuma, ukiwa wazi nusu. Ukicheza juu na chini huku bawaba zenyewe zikiwa zimetulia kwenye nguzo, pini na bushi zimelika, na hakuna marekebisho yatakayosaidia mpaka zibadilishwe. Zikicheza bawaba pamoja na nguzo, kutu imeingia ndani ya nguzo, na hapo kazi ni nyingine. Pili ninafungua kile kipande cha nguzo ya nyuma ambacho kitasa hukidaka, na ninang'oa mpira wa mlango, kwa kuwa vyote viwili husema uongo: kipande hicho huunyanyua mlango uliolegea ukaonekana uko sawa, na mpira huusukuma nje mlango usio na tatizo. Tatu ninaliweka gari kwenye stendi zilizokaa chini ya ekseli, ili uzito uende pale unapokwenda siku zote, kisha ninafunga skwea paipu (mabomba ya chuma ya mraba) mbili ndani ya kila tundu, moja ya kulala na moja ya mshazari. Hapo ndipo ninapowasha grainda, na huwa ni upande mmoja kwa wakati mmoja.

Kizingiti kipya hakishonwi kabla mlango haujaning'inizwa. Ninakibana kwa koleo za kubana, ninafunga mlango, ninatazama mwanya, ninafungua, ninagonga kidogo, ninafunga tena. Mwanya wa milimita 4 au 5 ulio sawa kuanzia mbele hadi nyuma unanitosha. Wanaotaka 3 wakumbuke kwamba praima na rangi vina unene, na kwamba mlango unapozunguka kwenye bawaba, makali yake ya mbele huingia ndani kabla ya kutoka. Nimeona rangi mpya ya mteja ikibanduka siku ya kwanza kwa sababu hiyo.

Mdau, Mufindi

Mimi ni mtu wa Land Rover, ya Series III, bodi ndefu, iliyotumika kwenye mashamba ya chai. Kwetu huku habari ni tofauti kidogo na nadhani inafaa isemwe, kwa sababu mtu akichukua ushauri wa Peugeot na kuupeleka kwenye Land Rover atapotea.

Bati la kizingiti cha Land Rover ni la alumini na limefungwa kwa bolti tu; halibebi kitu. Kinachouweka mlango mahali pake ni ule ukuta wa chuma unaotenga injini na miguu ya dereva, kwa kuwa bawaba za mlango wa mbele zimefungwa kwenye ukuta huo, nao unakaa juu ya mikono miwili iliyotokeza ubavuni mwa chasisi. Mimi sikulijua hilo. Mlango wa dereva ulipoanza kukwaruza kizingiti, nikachukua mkasi wa bati nikapunguza kizingiti. Ukakwaruza tena baada ya miezi michache. Nikapunguza tena. Nilikuwa, kwa kweli, ninakata kiatu kwa sababu mguu umevimba.

Siku niliyoingia chini na nyundo ndogo, mkono wa chasisi wa upande wa dereva ulimeguka kama mkate mkavu, na kona ya chini ya ukuta, pale dereva anapoweka kisigino, ilikuwa matope ya mabarabara yetu yaliyogeuka kutu. Ukuta ulikuwa unazama, na mlango ukizama nao. Niliweka mkono mpya, na hapo nikafanya kosa la pili: niliushona chini kwa takribani milimita 6 kuliko wa upande wa pili, kwa sababu nilipimia kwenye sakafu ya banda langu, ambayo haiko sawa. Fundi wa Mafinga aliniokoa kwa kuongeza washa nene kati ya ukuta na chasisi, moja baada ya nyingine, mpaka mwanya wa mbele ya mlango ukalingana juu na chini. Kizingiti nilichokikata nimekibadilisha. Kile cha zamani nimekitundika bandani, na wageni hudhani ni pambo.

Neno moja kwa wenye Land Rover: alumini ikigusa chuma penye unyevu, alumini huliwa. Wekeni rangi na kipande cha mpira mwembamba katikati kabla ya kukaza bolti.

Mwanachama, Njombe

Uzoefu wangu ni mfupi. Nilinyoosha milango miwili ya Datsun 120Y ikakaa vizuri, nikapaka rangi, kisha nikaweka mipira mipya niliyoipata Kariakoo. Milango ikasimama nje ya bodi kwa milimita 8. Nilikaribia kuikunja. Jirani akaniambia nipime mpira wenyewe. Ulikuwa mnene karibu mara mbili ya ule wa zamani. Pimeni mpira kabla ya kununua, tena kwa kuubana kati ya vidole.

Mwanachama, Kihesa

Mimi nina malalamiko zaidi kuliko uzoefu, lakini nayaweka hapa kwa faida ya wengine. Gereji moja, ambayo sitaitaja, ilinifanyia Peugeot 504 ya marehemu baba. Nililipokea gari likiwa limenyooka kama kioo, mianya yote inalingana, nikatoa picha nikawatumia ndugu zangu. Baada ya muda, nikiwa nimeteremka nalo mlima Kitonga mara mbili na kwenda nalo kijijini kwa barabara ya vumbi, ufa mwembamba ukatokea juu ya kizingiti cha kulia, chini ya nguzo ya kati. Nilipouchokonoa kwa kucha ukatoka ubao mzima wa puti, ile lipu ya kusawazisha bati kabla ya rangi, unene wa kidole gumba cha mtoto, na nyuma yake nikaona wavu wa dirishani. Walikuwa wamechonga mwanya kwa puti ili ulingane na mlango uliolala! Mlango wenyewe haukuguswa.

Sasa ninapokagua gari natembea na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Juu ya bati inashika. Juu ya puti nene inadondoka. Sisemi kwamba puti ni haramu, kwa kuwa hata kazi nzuri huhitaji utando mwembamba wa kulainisha, ila mwanya haujengwi kwa puti. Fundi aliyenirekebishia baadaye aliongeza bati pale palipopungua: alichomelea waya laini kwenye makali ya mlango, nukta hapa, nukta pale, akisubiri papoe, kisha akapiga msasa mpaka mwanya ukatoka ulivyotakiwa. Ilimchukua siku mbili kwa makali ya urefu wa mkono.

Fundi bodi, Mwanjelwa

Huyo anajua kazi, na hapo penye kusubiri papoe ndipo wengi tunapoharibu. Bati la geji 20 halifiki hata milimita moja. Ukishona mfululizo kuanzia mbele hadi nyuma, joto hulivuta na kizingiti ulichokibana kikiwa kimenyooka hugeuka upinde. Mimi huweka nukta moja mbele, moja nyuma, moja katikati, kisha ninarudi kujaza, na kila baada ya nukta kadhaa ninafunga mlango kuangalia kama mwanya umesogea. Vilevile, mlango ukikaa vizuri juu na kujitokeza chini, msikimbilie bawaba. Wekeni kipande cha mti laini kati ya mlango na nguzo pale juu, kisha sukumeni sehemu ya chini taratibu kwa goti. Mlango hujipinda kidogo na kubaki hapo. Kwa goti, si kwa teke.

Mwanzisha mada, Uyole

Nashukuru sana. Niliahidi kumalizia. Nilikaza bodi kwa skwea paipu ya inchi moja pale chini, kisha nikalaza jeki ya chupa kati ya nguzo mbili kwa juu, mbao zikiwa pande zote mbili ili nisibonyeze bati, nikawa nasukuma kidogo kidogo na kupima. Bati lina tabia ya kurudi: nilipofikisha milimita 11 na kulegeza, likarudi nyuma kwa 4. Ilinibidi nisukume mpaka 15 ndipo likabaki penye 11. Kisha nikaufunga mshazari, nikaning'iniza mlango bila mpira na bila kile kipande cha kitasa, nikakibana kizingiti kipya chini yake. Niliufunga na kuufungua mlango huo mara nyingi kiasi kwamba mama mdogo alikuja kuuliza nani anaondoka.

Leo jioni mwanya wa chini ni milimita 5 mbele na 5 nyuma, na kona ya juu ina 4. Nimeshikiza kwa nukta kumi na mbili tu, sijashona. Nimegundua pia kwamba vitundu vya kutolea maji chini ya mlango vilikuwa vimezibwa na rangi ya zamani, na maji yote ya dirishani yalikuwa yanabaki humo na kuozesha ukingo wa chini. Nimevizibua kwa msumari. Upande wa kulia bado sijaugusa, na skwea paipu zake ziko tayari zimefungwa.