Klabu yetu ya huduma Moshi: vikao vya kila wiki watu wanapungua, harambee zinatumaliza wenyewe. Naombeni ushauri

BintiRau
Habari za jioni wakuu, na wakubwa wote shikamooni. Naomba mnisaidie mawazo kwa hili maana kikao kijacho ni Alhamisi na nataka niende na kitu cha maana mkononi.

Mimi ni katibu wa klabu moja ya kujitolea hapa Moshi mjini, zile klabu za huduma kwa jamii kama Rotary na Lions ila hii yetu ni ya wenyeji tu, tumesajiliwa kama jumuiya, ndani kuna walimu, manesi, wenye maduka kule Mbuyuni, vijana wa kampuni za utalii na wastaafu kadhaa. Tunakutana kila Alhamisi saa kumi na mbili jioni kwenye ukumbi wa hoteli, na kila anayekuja analipa elfu ishirini ya chakula, ale asile, ndo makubaliano na hoteli. Ratiba ni ileile miaka yote: sala, muhtasari wa kikao kilichopita unasomwa wote mpaka mwisho, yatokanayo, mgeni mzungumzaji kama yupo, chakula, matangazo, kwaherini. Zamani ukichelewa unakosa kiti, sasa ivi mhudumu anakuja kuniuliza pembeni apunguze sahani ngapi.

Upande wa pesa ndo kabisa. Kila mwaka tunafanya dina ya hisani, tiketi elfu hamsini, na wanaonunua ni sisi wenyewe, waume zetu, wake zetu na mashemeji. Ukitoa ukumbi, chakula, mziki na mapambo kinachobaki kinatia huruma. Na mradi tulionao ni mkubwa, tumeahidi vyoo vya wasichana kwenye shule moja ya msingi pembezoni mwa mji, wasichana wamepita mia tatu na matundu ni sita, mawili hayana milango. Nilienda pale mwenyewe nikakuta mabinti wa darasa la sita wameshika kanga huku na huku kwenye mlango ili mwenzao ajisitiri, halafu wanapokezana, kengele ya kuisha mapumziko inalia wengine bado wapo kwenye foleni. Hiyo picha hainitoki na ndo maana naandika hapa.

Sasa nauliza, tupunguze vikao viwe mara mbili kwa mwezi? Kuna wanaosema tukipunguza tu klabu imekufa. Na ni harambee ya aina gani ambayo pesa itatoka nje ya mifuko yetu wenyewe? Naombeni wenye uzoefu.

NjiroJuu
Dada pole na hongera kwa kazi. Mimi nipo Arusha, nimekuwa mwanachama wa Rotary miaka mingi kidogo kwaio nitasema ninachokijua.

Watu wengi wanadhani kikao cha kila wiki hotelini ndo klabu yenyewe. Rotary ilianza Chicago tarehe 23 Februari 1905, mwanasheria anaitwa Paul Harris na wenzake watatu, na walikuwa wanakutana ofisini kwa huyu leo, wiki nyingine kwa yule, wanazunguka, na jina la Rotary limetoka hapohapo kwenye kuzunguka. Hakukuwa na bufee. Kwa miaka mingi ikawa sheria kukutana kila wiki, na mwanachama alitakiwa ahudhurie angalau nusu ya vikao kila nusu mwaka, ukikosa kwenu unaenda kufidia kwenye klabu nyingine. Mwaka 2016 baraza lao la sheria likalegeza, klabu ikaruhusiwa kujipangia yenyewe mradi ikutane angalau mara mbili kwa mwezi. Kwaio wanaokwambia mkipunguza mtakufa waambie wakubwa wenyewe walishapunguza na wapo.

Ila usipunguze tu halafu ukaacha ratiba ileile, hapo utakuwa umepunguza mahudhurio kwa kura. Muhtasari utumwe WhatsApp Jumanne, Alhamisi unauliza kuna marekebisho? unathibitishwa, mnaendelea. Hiyo peke yake inakurudishia nusu saa. Halafu vikao viwili vifanyieni nje ya hoteli, kimoja pale shuleni kwenye mradi, kingine ofisini au dukani kwa mwanachama, chai na maandazi basi. Hiyo elfu ishirini ya sahani inawafukuza walimu na manesi, amini usiamini, mtu haoni aibu kusema amechoka ila anaona aibu kusema hana.

MamaVicoba
Mwanangu BintiRau, mimi si msomi wa hizo klabu za kizungu ila nakwambia kitu. Kikundi chetu cha vicoba hapa Majengo tunakutana kila wiki, kila Jumanne, mvua jua, na asiyekuja anatuma mtu na hisa yake. Hakuna anayesema amechoka. Kwanini? Sanduku linafunguliwa mbele yetu wote, kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu tofauti, pesa inahesabiwa kwa sauti, inaandikwa kwenye daftari na kila mtu anasikia. Umechelewa, faini unatoa palepale. Ukikosa kikao unaona kabisa umekosa kitu.

Nyie mkikutana kuna nini kinachofanyika ambacho asiyekuja atakikosa? Jiulizeni hilo kwanza. Mweka hazina wenu asimame kila kikao aseme mradi wa choo una kiasi gani leo, wiki iliyopita ulikuwa na kiasi gani, nani kaleta. Dakika tano tu. Watu wakianza kuona hesabu inapanda watakuja wenyewe.

fundi_Pasua
Dada mimi nazungumzia choo tu maana ndo kazi yangu. Kiwango cha serikali ni tundu moja kwa wasichana 20, na wavulana tundu moja kwa 25. Mabinti mia tatu wanahitaji matundu 15, mnayo sita na mawili hayafai, kwaio pungufu ni kama 11. Msijenge yote kwa mpigo mkabaki na msingi umeota majani, jengeni awamu ya kwanza ikamilike iwe na milango, komeo la ndani, bomba la kunawa na chumba kimoja cha mabinti wakubwa kubadilishia pedi, halafu watu waone. Gata na tanki la maji ya mvua wekeni mapema, choo bila maji miezi sita kinafungwa.

Na kitu kingine, acheni kuomba pesa tupu. Bandikeni orodha: saruji mifuko mingapi, tofali ngapi, mchanga tripu ngapi, nondo, bati, milango. Mwenye duka la vifaa hawezi kukupa laki tano kesh ila mifuko ya saruji atatoa, mwenye lori atatoa tripu ya mchanga siku gari haina kazi. Mimi binafsi pesa sina ila siku za kupiga lipu niite.

BintiRau
Mama shikamoo, hilo la sanduku limeniingia sana. Fundi asante, yaani hizo namba hakuna aliyewahi kutuwekea mezani hivi, tulikuwa tunasema tu "vyoo havitoshi".

Kuna mjumbe kapendekeza bahati nasibu, tiketi elfu mbili mbili tuuze stendi na sokoni, zawadi iwe mbuzi na simu. Mnaionaje?

KahawaChungu
Hapo simama kwanza. Bahati nasibu ya kuuzia watu barabarani inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, ipo kwa sheria ya mwaka 2003, hamuwezi kuamka tu mkachapa tiketi. Nendeni mkaulize kibali kabla hamjatangaza, na kama hamna muda wa kufuatilia achaneni nayo. Jina la klabu likichafuka hata choo hakitajengwa.

Mbona kitu kizuri zaidi mnacho mlangoni? Mnada. Kila mtu aliyekulia huku amesimama nje ya kanisa Jumapili baada ya ibada anaangalia mkungu wa ndizi unapandishwa bei. Jogoo wa elfu ishirini anauzwa mara tatu, mtu ananunua anarudisha, kinanunuliwa tena, watu wanacheka na pesa inaingia. Hakuna ukumbi wa kulipia wala mapambo. Tafuteni mtu mwenye mdomo wa kunadi, kila mwanachama alete kitu kutoka shambani au dukani, ndizi, mayai, parachichi, kahawa, kuku. Ombeni eneo la shule yenyewe ili anayenunua aone anachangia nini, na mpitie kwa mtendaji wa kata mapema.

MzeeWaKibosho
Wajukuu zangu nimesoma vizuri. Huo mnada ufanyike Desemba kati ya Krismasi na mwaka mpya. Wachagga wote wamerudi nyumbani, Dar imehamia huku, Mwanza imehamia huku, na kila mtu ana moyo laini maana amekula kitawa cha mama yake. Tafuteni waliosoma kwenye hiyo shule, wapo, kuna mabosi waliokaa kwenye hayo hayo madarasa. Mwalimu mkuu ana madaftari ya zamani ya usajili, anzeni hapo, muunde grupu lao mwezi wa tisa au wa kumi, wapelekeeni picha za vyoo na orodha ya fundi.

Lakini ahadi zikusanywe kabla tarehe mbili Januari. Nimekaa kwenye kamati za harambee tangu ujana wangu na nawaambia, ahadi ikivuka mwaka mpya umeipoteza, Januari ni ada, sare na nauli ya kurudi, simu hazipokelewi. Muwe na lipa namba palepale uwanjani, mtu anatoa ahadi kijana yupo pembeni na simu.

MachameMix
Mimi sikubaliani na kufuta dina kabisa. Kuna watu wenye pesa hapa mjini, wenye hoteli na kampuni za kupandisha watalii mlimani, hao hawaji kwenye mnada wa jogoo ila dina watakuja, watakaa, watasalimiana na wenzao wa biashara. Kosa lipo kwenye gharama. Ukumbi uombwe bure kwa mwenye hoteli na jina lake litajwe, mziki vijana wa kwaya, na wanachama wasinunue tiketi, kazi yao iwe kila mmoja alete wageni wawili wasio ndugu zake.

Pia msisahau Kili Marathon, ipo tangu 2003, mwisho wa Februari au mwanzoni mwa Machi, mbio zinaanzia na kuishia chuo cha Ushirika na mji unajaa mpaka vitanda vinakosekana. Jumamosi ile kabla ya mbio watu wanatafuta chakula cha kuwatia nguvu. Ukipika mtori na machalari ya maana sehemu wanayopita utauza. Kama mnataka kuuza karibu na uwanja ongeeni na waandaaji mapema, usisubiri Februari.

NjiroJuu
Mzee shikamoo, hilo la tarehe mbili Januari ni kweli tupu.

BintiRau naongeza moja na hili naomba ulibebe hivyohivyo. Akaunti mbili. Ada za wanachama, chakula, karatasi na vocha za katibu zikae kwake, na pesa yoyote iliyotoka kwa wananchi ikae kwenye akaunti ya mradi isiguswe kwa kitu kingine. Wenzetu wa Lions wana msimamo huo, walichochangisha kwa umma kinarudi kwa umma, uendeshaji wa klabu unalipwa na ada za wanachama wenyewe. Watia saini wawe watatu na mmoja asiwe kiongozi. Vitabu vya risiti viwe na namba mfululizo na vishina virudi vyote, hata kilichoharibika kirudi. Halafu hesabu ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule, kilichoingia na kilichotoka, wazazi wasome. Mzazi akisoma pale kwamba yule mama wa sokoni alitoa elfu tano na imeandikwa, na yeye atatoa.

MamaVicoba
Hapo kwenye ubao umesema baba. Na sisi wa vicoba tualikeni kwenye huo mnada, msitusahau eti kwa sababu hatuji hotelini.

BintiRau
Mama mtaalikwa, na tena nitakuja Majengo mwenyewe kukualika na wenzako.

Nimeshaandika ajenda. Vikao vinabaki kila wiki mpaka Desemba maana kazi ni nyingi, ila hoteli mara moja tu kwa mwezi, vingine shuleni na kwa wanachama, na chakula cha lazima naomba kifutwe. Mweka hazina anaanza kusoma hesabu ya mradi Alhamisi hii hii. Mnada tunalenga tarehe 28 Desemba, kesho nampigia mwalimu mkuu kuhusu yale madaftari. Dina naipeleka kama alivyosema MachameMix, kila mwanachama wageni wawili, nikikataliwa nitarudi hapa kuomba hoja zaidi. Bahati nasibu naiondoa.

Kilichobaki ni orodha ya vifaa. Sina mtu wa kupima, kwenye klabu hatuna fundi hata mmoja.

fundi_Pasua
Jumamosi asubuhi nina nafasi. Nitumie jina la shule inbox, nakuja na futi na kijana wangu mmoja, tutapima tukiwa na mwalimu, Jumatatu orodha unayo. Mwambie mwalimu aache ufunguo wa geti la nyuma maana tutaangalia na sehemu ya shimo.