Tupeane uzoefu: Unawaandaaje wanafunzi wa kwaya kwa mchujo na matamasha? Walimu wa Dodoma na kanda ya kati karibuni

Habari za jioni wadau. Msimu wa UMITASHUMTA (mashindano ya shule za msingi) na UMISSETA (ya sekondari) unakaribia, na kama ilivyo ada, fani za ndani ndizo zinazokumbukwa mwishoni. Mpira umeshaanza mazoezi, riadha vilevile. Kwaya utaambiwa wiki moja kabla: "Mwalimu, tafuta watoto arobaini, watunge wimbo wa kaulimbiu."

Mimi nashika kwaya ya sekondari hapa Dodoma mjini. Jambo linaloniumiza kila mwaka ni hili: mtoto anaimba vizuri sana akiwa katikati ya wenzake, lakini siku ya kuteua kwaya ya wilaya au mkoa anasimamishwa peke yake, na sauti inapotea. Si kwamba hana kipaji. Hajawahi kuimba bila bega la mwenzake.

Kwa hiyo siku hizi mazoezi yangu nayaendesha hivi. Kwanza, wimbo mpya naanza kufundisha sauti ya pili na ya tatu. Sauti ya kwanza, wanaobeba melodi, wanafundishwa mwisho kabisa. Wale wa pili na wa tatu wakishasikia melodi masikioni kabla hawajashika yao, ndio basi, watavutwa tu huko juu. Wakishika yao kwanza, melodi ikija wanaipokea kama mgeni aliyekuta nyumba ina wenyewe.

Pili, tukishajua wimbo nawagawa wanne wanne, kila mmoja na sauti yake. Wanaimba mbele ya darasa zima. Mwanzoni wanaona aibu, wengine wanacheka, wengine wanaangalia dari. Kuna binti wa sauti ya pili niliyemtegemea sana. Nilipomweka kwenye kundi la wanne, mstari wa kwanza alikwenda vizuri, wa pili akawa ameshahamia sauti ya kwanza bila kujua. Nilimwambia azibe sikio moja kwa kiganja, ajisikie mwenyewe, tukarudia taratibu. Baada ya hapo nikambadilishia majirani kila mazoezi: leo anasimama kando ya besi, kesho kando ya soprano. Alipofika kwenye mchujo wa wilaya waamuzi wakamwimbia sauti ya kwanza makusudi ili wamyumbishe. Hakuyumba.

Naomba kila mmoja aeleze anavyofanya yeye mwenyewe shuleni kwake. Nadharia tunazo za kutosha. Karibuni.

Mama Kwaya, Kondoa

Ahsante kwa uzi, mwalimu. Mimi ni wa msingi, kwa hiyo UMITASHUMTA. Nianze na kitu ambacho watu hawakihesabu kama maandalizi: safari. Watoto wakipanda gari wanaimba kuanzia getini mpaka wanaposhukia. Wanapiga makofi, wanashindana na shule nyingine barabarani, vumbi linaingia madirishani. Mnafika, wamebaki na mikoromo. Kwangu ndani ya gari hakuna kuimba. Wapige hadithi, walale, wacheze wanachotaka. Mwanzoni walininunia, sasa wanakumbushana wenyewe.

Na hali ya hewa yetu ya mwezi wa sita na wa saba mnaijua. Asubuhi baridi, upepo mkavu, koo linakuwa kama karatasi. Kila mtoto anakuja na chupa yake ya maji na anakunywa kidogo kidogo tangu anaamka, asingoje kukaribia jukwaani ndipo anywe chupa nzima.

Lingine, wazazi wenzangu, tuache kuwapa watoto mayai mabichi eti yanalainisha sauti. Yai linapita kwenye njia ya chakula, kwenye sauti haligusi. Utampa mtoto tumbo la kuendesha siku ya shindano. Maji, kulala mapema na kutopiga kelele vinatosha. Chai ya tangawizi yenye asali mpe, inampasha joto na anaipenda.

Mleta uzi

Hilo la gari naliunga mkono kwa mikono miwili. Mama, na kupasha sauti mkishafika mnafanyaje? Maana kiwanja kizima kinakuwa kimejaa ngoma na spika.

Mama Kwaya, Kondoa

Tunajitenga. Nyuma ya darasa lolote, hata chini ya mti. Tunaanza na pumzi tu, mikono kwenye mbavu, wazisikie zinatanuka bila mabega kupanda. Halafu kufumba midomo na kuvuma "mmmm" kwa sauti ya katikati, tunapanda nusu nusu, hatufiki juu kabisa. Dakika chache zinatosha. Wimbo wenyewe siwaimbishi mzima, naimbisha mwanzo na mwisho tu. Waamuzi wanakukumbuka kwa ulivyoingia na ulivyotoka.

Kijana wa Manyoni

Mimi nina swali ambalo pia ni uzoefu. Wavulana wa kidato cha kwanza na cha pili. Januari ana sauti ya pili safi, mwezi wa tano inakatika katikati ya neno. Nilikuwa na mmoja aliyekuwa nguzo, nikamkuta siku moja amejificha nyuma ya safu anachezesha midomo tu. Anaona haya, wenzake wanamcheka.

Nilimwita pembeni nikamwambia huo ni mwili unakua na kila mwanaume kwenye kwaya ya wakubwa amepita hapo. Kisha nikampima upya kwa kinanda, noti kwa noti, nikaona amebakiwa na noti kama tano au sita anazoziimba bila kukwaruza. Nikamtengenezea njia humo humo: akiweza tenori aimbe, ikipanda sana anyamaze, ikirudi aingie. Besi sikumpa, kwa sababu kule chini alikuwa anasukuma kwa nguvu. Sasa wavulana wote wa umri huo nawapima kila mwezi. Je, wenzangu mnawapeleka kwenye mchujo wakiwa katika hali hiyo au mnawasubirisha?

Mwalimu Mstaafu, Mpwapwa

Kijana, mpeleke, lakini mwandalie wimbo unaokaa ndani ya noti zake, na mwandikie mwamuzi "do" inayomfaa. Ufunguo si amri ya mbinguni. Kama wimbo umeandikwa do ni A na mtoto anakabwa, mwanzishe do ni F. Ukimnyima nafasi mwaka huo, wengi hawarudi tena. Nimeona besi nzuri nyingi zikipotelea hapo.

Naongeza jambo ambalo naona vijana mmeliacha. Siku hizi watoto wanafundishwa kwa simu: mwalimu anarekodi sauti nne, anaweka kwenye spika, watoto wanakariri. Inasaidia, sikatai. Lakini kwenye mchujo akipewa mistari miwili ya solfa (muziki ulioandikwa kwa do, re, mi) ambayo hajawahi kuiona, anabaki anamtazama mwalimu. Solfa ilienezwa na mchungaji Mwingereza, John Curwen, karne ya 19, akiijenga juu ya kazi ya mwalimu wa kike Sarah Glover wa Norwich, na shabaha yake ilikuwa watu wasio na kinanda wala fedha waweze kusoma muziki. Sisi ndio hao hasa! Ubao na chaki vinatosha.

Tumieni na ishara zake za mikono. Do ni ngumi. Mi ni kiganja kimelala bapa. Fa kidole gumba kinatazama chini. Ti kidole cha shahada kinaelekeza juu, kwa sababu inataka kwenda do. Mwanafunzi akiziona noti kwenye mkono wako anaelewa haraka kwamba mi na fa ziko karibu karibu, na ti na do vilevile. Kila kipindi kabla ya wimbo, dakika tano tu: mkono unasema, wao wanaimba. Baadaye mwite mtoto mmoja aongoze yeye. Anayeweza kuongoza wenzake kwa ishara hatishwi na mstari mpya.

Sauti ya Pili

Shikamooni walimu. Mimi ni mwanafunzi wa UDOM sasa, lakini nilipita kwenye mchujo wa kwaya ya mkoa nikiwa kidato cha tatu, ngoja niwaambie upande wetu ulivyo.

Tuliingia mmoja mmoja. Ndani kulikuwa na waamuzi na kinanda. Kwanza niliulizwa jina na shule, halafu nikaambiwa niimbe ubeti wa kwanza wa Wimbo wa Taifa, bila kinanda. Wakati naimba mwamuzi mmoja aligusa kinanda mwishoni kuona kama nimeshuka. Halafu wakapiga noti moja moja nikazirudia, kisha tatu tatu. Halafu ngazi, kupanda na kushuka. Kushuka ndiko kulikowaangusha wengi, maana watu hufanya mazoezi ya kupanda tu. Mwisho nikaimba wimbo wangu wa kuchagua.

Kilichonisaidia ni kwamba mwalimu wangu alikuwa ametufanyia mchujo wa uongo shuleni. Aliomba walimu wengine wawili, wa Hesabu na wa Jiografia, ambao hawajui muziki kabisa, wakae mezani na kalamu na nyuso zao za kusimamia mtihani. Tuliogopa kweli kweli! Siku yenyewe ilipofika tayari miguu imeshazoea.

Naomba pia muwafundishe matamshi. Rafiki yangu alikuwa na sauti nzuri kuliko yangu, lakini aliimba "samani" badala ya "thamani" na "zahabu" badala ya "dhahabu" wimbo mzima. Walimwandikia. Shuleni hakuna aliyewahi kumsahihisha.

Mleta uzi

Marahaba mwanangu. Hiyo ya walimu wa Hesabu nitaifanya mwezi huu huu. Na suala la kushuka ni kweli tupu. Kwaya nyingi zinaanza do ni G na kumaliza karibu F. Mimi nawaambia kila noti inayoshuka waifikirie iko juu kidogo kuliko wanavyodhani, na ile mi tusiilegeze.

Chamwino Juu

Nimesoma nikangoja mtu ataje hili. Sisi wa Chamwino na Mvumi tunapokea watoto ambao tayari wanajua kuimba kwa sauti nyingi kabla hawajaona kwaya ya shule. Wamekua wanasikia ilimba (ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba) na zeze, wamewaona mama zao wakipiga ngoma za muheme. Kwenye wimbo wa Kigogo hakuna anayegawiwa sauti. Mmoja anaanzisha, wengine wanaingia juu na chini yake, na inakaa.

Lakini ngazi ya Kigogo si ya kinanda. Inatokana na zile sauti zinazozaliwa zenyewe juu ya noti moja ya msingi, ukizihesabu utapata do, mi, so, ta, do ya juu na re. Hiyo ta, yaani ti iliyoshushwa nusu, iko chini kuliko ta ya kinanda, na fa haimo kabisa. Sasa mwalimu mgeni anakuja, anapiga kinanda, anasema watoto "wanakosea sauti". Hawakosei. Wanaimba sawasawa muziki mwingine.

Ninachofanya ni kutenganisha. Tukiimba wimbo wa asili, kinanda kinazimwa, watoto wanasimama nusu duara waonane. Tukirudi kwenye wimbo wa lazima wa sauti nne, naweka mazoezi ya peke yake ya fa: mi fa mi, so fa mi, mpaka iwe ya kwao. Watoto wa namna hii wakielekezwa hivyo wanawaacha mbali wa mjini, kwa sababu kusikilizana wanako tangu nyumbani. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefariki 2003, alizunguka dunia na ilimba na sauti hizi hizi. Inaniuma nikiona mwalimu anamwambia mtoto wa Kigogo aache "sauti za kijijini" ili ashinde. Wapelekeni kwenye tamasha la muziki wa Cigogo linalofanyika Chamwino, wakasikilize, halafu mrudi darasani.

Kijana wa Manyoni

Mwalimu hili sikulijua kabisa, na linanifumbua macho kuhusu watoto wangu wawili. Nashukuru sana. Nashukuru pia kwa ushauri wa kushusha do.

Bibi Mavuno, Kongwa

Nyote mmesema ya muziki. Mimi nitasema ya nyumbani. Mwezi wa tano na wa sita huku tunavuna mtama, karanga, alizeti. Mtoto amechaguliwa kwenda kambi ya mkoa, baba anasema haendi mahali, nani atavuna? Na kama ni binti, inaongezeka hofu ya kulala mbali na nyumbani. Tamasha moja nililohudhuria, waandaaji walibadilisha ratiba mara ya pili wiki ileile, wazazi waliokuwa wamekubali wakakataa tena, na sikuwa na la kuwajibu.

Sasa ruhusa naanza kuitafuta Februari, shamba likiwa bado kijani. Naenda mwenyewe nyumbani, si barua. Namweleza mzazi nani atalala na mabinti, watakula nini, nani ana simu yake. Kama familia ina shida ya mavuno, kwaya nzima inakwenda kumsaidia mwenzao Jumamosi moja. Tangu tufanye hivyo sijanyimwa mtoto.

Mama Kwaya, Kondoa

Bibi, hapo umemaliza kila kitu. Nina swali moja la mwisho kwa mleta uzi. Wale wanaochujwa unawafanyaje? Wanaporudi shuleni wanakaa kimya, wengine wanaacha kwaya.

Mleta uzi

Hawa ndio ninaowapigania zaidi. Nawaomba waamuzi waniambie kwa kila mtoto alipoangukia, hata neno moja: pumzi, kushuka, matamshi, solfa. Siku ya kwanza ya mazoezi baada ya mchujo nakaa na kila mmoja faraghani, namwambia lile neno na tunaanza nalo palepale. Na kwenye mahafali ya kidato cha nne solo sizigawi kwa waliokwenda mkoani peke yao. Nachukua aliyechujwa, namwandalia ubeti mmoja unaomkaa vizuri, anasimama mbele ya wazazi wake. Mmoja wa hao ndiye anayewafundisha solfa kidato cha kwanza mwaka huu, kila Jumatano saa tisa, na nimemkabidhi chaki.